Maji yanafunguliwa siku ya mkaguzi tu, nifanyeje?

Wakuu, naomba ushauri. Niko kwenye mtambo wa kusaga mawe mgodini, mwaka wa sita sasa. Vumbi letu ni la silika, lile linaloacha makovu kwenye mapafu, na makovu hayo hayaponi. Siku za kawaida mabomba ya kunyunyizia maji ya kutuliza vumbi hayafunguliwi. Ukipangusa kope jioni, kidole kinatoka cheupe. Ikisikika kwamba mkaguzi wa serikali anakuja, maji yanafunguliwa tangu alfajiri na barakoa mpya zinagawiwa. Akishaondoka, yanafungwa.

Nimesoma Mkataba namba 176 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1995: mfanyakazi wa mgodini ana haki ya kuripoti hatari kwa mamlaka, kuomba ukaguzi, hata kuondoka mahali penye hatari. Lakini mwenzetu aliyelalamika kwa msimamizi alihamishiwa zamu ya usiku wiki hiyo hiyo.

Aliyewahi kupita njia hii anisaidie. Niandike kwa jina langu au nipitie kwa mwakilishi wa usalama? Picha za simu zenye tarehe zinatosha kuwa ushahidi? Na picha yangu ya eksirei ya kifua naidai vipi? Nilipigwa picha hiyo mwaka jana, majibu sijaonyeshwa mpaka leo.