Faini ya kupaki ukumbini Leicester: nilipe au nikaushe?

Mtu wa Makorora
Wakuu, habari za saa hizi. Niko Leicester. Mwaka jana tulifiwa na mzee wetu, tukakodi ukumbi kusoma khitma. Nikapaki pale nje kama watu wote. Baadaye ikaja barua ya kampuni inayosimamia maegesho: pauni 100, ukiwahi ndani ya siku 14 ni 60. Si halmashauri wala polisi, ni eneo la mtu binafsi. Waliotutangulia huku wakaniambia barua hizo unatupa. Wameendelea kuandika, sasa imefika 170. Nifanyeje? Usingizi sipati.

Kiboko wa Tozo
Pole na msiba mkuu. Kausha. Wale wadai madeni hawana meno, hawaruhusiwi kubeba hata redio yako. Na kufunga minyororo magari kwenye maeneo binafsi kulipigwa marufuku England tangu Oktoba 2012.

Mama Zuhura
Kiboko, usimpoteze mwenzio. Barry Beavis alizidisha dakika 56 kwenye maegesho ya Chelmsford, akaipeleka kesi mpaka Mahakama ya Juu. Mwaka 2015 akaambiwa pauni 85 zile ni halali. Mwanangu, barua ya mwisho imetoka kwa nani? Kampuni, wadai madeni au mahakama?

Abiria Mwaminifu
Ndiyo maana mimi napanda basi. Kariakoo ukikuta gari limefungwa mnyororo unaongea na jamaa, mnaelewana. Huku utaongea na kamera?

Mama Zuhura
Mtoa mada, hujanijibu.

Mtu wa Makorora
Ya mahakama, mama. Imetoka Northampton, imeandikwa tarehe 3 mwezi huu. Lakini sijakaa bure. Binamu yangu amerudi Tanga moja kwa moja, tumekubaliana niandike yeye ndiye aliyekuwa anaendesha. Mwenyewe hana neno, na huko hawamfuati. Simdhulumu mtu.

Ustaadh wa Mtaa
Subhanallah. Umetoka kumsomea mzee khitma, halafu unataka kumsingizia nduguyo?

Mama Zuhura
Achana na binamu. Utetezi unausaini kwamba yaliyomo ni kweli. Ukisaini uongo, huko ni kudharau mahakama, na watu wanafungwa kwa hilo.

Jicho la Tatu
Wakuu, hii chai. Kwanza msiba, ghafla mahakama, sasa binamu yuko Tanga. Akaunti yenyewe ya juzi. Na kama wote walipaki, mbona kapigwa yeye peke yake?

Kiboko wa Tozo
Hata mimi nimeanza kunusa tangawizi.

Mtu wa Makorora
Jicho, msiba wangu si chai. Mlangoni kulikuwa na tableti juu ya kimeza, nyuma ya boksi la tishu, wageni wanaingiza namba ya gari wasipigwe faini. Mimi niliingia na sufuria ya pilau, mikono yote imejaa, sikuiona wala sikuambiwa. Na fomu ninayo hapa: juu kulia namba ya kesi na neno la siri, chini deni 170, ada ya mahakama 35, wakili 50. Nitunge hesabu hizo ili iwe nini?

Mama Zuhura
Mimi namwamini. Na hiyo tableti ndiyo ulipaswa kuanza nayo, utetezi wako uko hapo! Sasa sikiliza. Ya tarehe 3 inahesabika umeipokea tarehe 8, una siku 14, yaani mwisho tarehe 22. Leo 19. Usiku huu ingia mtandaoni kwa lile neno la siri, ukiri kwamba umeipokea fomu na kwamba unapinga dai lote; muda unakuwa siku 28. Sehemu ya utetezi usiandike kitu bado. Kesho nenda kwa meneja wa ukumbi, aandike kwamba ulikuwa mgeni wao na aiombe kampuni ifute. Ukinyamaza, hukumu inatoka bila wewe kusikilizwa. Usipoilipa yote ndani ya mwezi, inakaa kwenye rekodi yako miaka 6. Mkopo wa nyumba utausikia kwa wenzio.

Jicho la Tatu
Kwa hiyo fomu, nafuta kauli. Pole na msiba, mkuu.

Mtu wa Makorora
Nimeingia, imekubali. Ila binamu nimtoe kabisa? Keshamwambia mpaka mkewe.

Mama Zuhura
Mtoe. Uliyeendesha ni wewe.