Mausi kwenye konsoli tupu ya Linux

Chumbageni: Wakuu, seva ya Debian (aina ya Linux) hapa ofisini Tanga ni maandishi matupu. Nataka kunakili mistari ya logi (kumbukumbu za matukio ya mfumo) kwa mausi. Inawezekana?

Ngamiani20: Sana tu, kwa gpm, programu inayowezesha mausi kwenye konsoli, yaani skrini ya maandishi ya mashine. `sudo apt install gpm`, kisha `sudo systemctl enable --now gpm`. Tikisa mausi, utaona kijiboksi kinatembea. Buruta kwa kitufe cha kushoto. Ukiachia, maandishi yameshanakiliwa. Usibonyeze Ctrl+C, hiyo inaua programu inayoendelea! Kubandika ni kitufe cha kati, yaani gurudumu lenyewe. Na angalia unachobandika: ukichukua mistari miwili, wa kwanza unatekelezwa palepale kama amri.

Chumbageni: Asante mkuu. Ila kijiboksi kinarukaruka kama panzi.

Raskazoni: Itifaki (lugha ambayo gpm inasoma mausi) siyo. Ndani ya /etc/gpm.conf weka `device=/dev/input/mice` na `type=exps2`, halafu `sudo systemctl restart gpm`. Mausi ya vitufe viwili? gpm ikianzishwa na `-2`, cha kulia ndicho kinabandika.

Ngamiani20: Nyongeza: ukiingia kwa SSH, yaani kutoka mashine nyingine kupitia mtandao, gpm haihusiki kabisa. Inashika konsoli ya mashine yenyewe tu. Huko unanakili kwa terminali ya laptopu yako.