Ngome zilizobomoka: zijengwe upya au ziachwe magofu?

Mwalimu wa Cheyo (Tabora)
Ndugu zangu, shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni. Tulipokuwa tukisoma habari za ngome za Ulaya za zama za kati, mwanafunzi wangu aliniuliza swali lililonishinda: ikiwa Waingereza wana fedha na mafundi, kwa nini wameiacha ngome ya Corfe, iliyolipuliwa kwa baruti mwaka 1646 kwa amri ya Bunge lao, ibaki na kuta zilizoinama, na bado watu wanalipa kiingilio kwenda kuitazama? Yeye amezoea tembe la Kwihara, karibu na hapa Tabora, alimokaa Livingstone mwaka 1872, ambalo ni nyumba kamili ya udongo yenye paa na milango, kwa hiyo kwake kuhifadhi ni kujenga. Je, gofu lina mvuto gani?

Fundi Chokaa (Ujiji)
Marahaba, Mwalimu. Nyumba nzima huficha ufundi wake, lakini gofu huuanika. Katika kuta za Conwy kule Wales, ngome iliyoanza kujengwa mwaka 1283, yanaonekana hadi leo matundu walimochomeka miti ya kukanyagia, yakipanda kwa mzunguko kama ngazi. Na katika magofu mengi ya namna hiyo utaona meko yakining'inia ukutani ilhali sakafu yake ilikwisha kuanguka zamani. Mtu anayejua kujenga anaweza kusimama hapo asubuhi nzima.

Ila kuliacha gofu si kulitelekeza. Kuta hizo zilijengwa kwa chokaa, ambayo hupitisha unyevu. Ukiziba nyufa kwa saruji, maji hunaswa ndani, na kwenye nchi za baridi huganda, hutanuka na kumenya uso wa jiwe. Wapo hata wanaofunika vichwa vya kuta kwa udongo na nyasi ili kupunguza maji na baridi. Sisi nyasi tunang'oa, wenzetu wanapanda!

Binti Kanyenye (Tabora)
Fundi, shikamoo. Nakubali habari ya chokaa, lakini tusiwadharau wanaojenga upya. Kuta za Carcassonne, Ufaransa, zilikuwa karibu kubomolewa kwa amri ya serikali mwaka 1849, kisha msanifu majengo Viollet-le-Duc akaanza kuzikarabati mwaka 1853. Alilaumiwa kwa kuweka mapaa yaliyochongoka, ya mtindo wa kaskazini, lakini nadhani kosa la paa ni dogo kuliko kukosa mji mzima. Tena Kwihara ni udongo: jiwe likiachwa huwa gofu, udongo ukiachwa misimu michache ya mvua huwa kichuguu, na hakuna atakayekwenda kukitazama.

Fundi Chokaa (Ujiji)
Hapo umenishika, binti yangu. Kwa udongo, kukarabati kila mara ndiyo hifadhi yenyewe. Lakini kwa mawe, anayetamani kuona ngome nzima na aende Guédelon, hukohuko Ufaransa, ambako tangu miaka ya 1990 wanajenga ngome mpya kabisa kwa mbinu za karne ya 13, wakichonga mawe kwa mkono. Magofu ya kale yaachwe yalivyo.

Mwalimu wa Cheyo (Tabora)
Ahsanteni sana. Jumatatu nitamjibu hivyo, ingawa namfahamu: atauliza udongo wa tembe huchanganywa na nini, na hapo, Fundi, itanibidi nikutafute tena.