Bei ya ngazi za gati nayo ni siri ya usalama? Nimechoka!

Wanajamvi, salamu baadaye. Leo nina mori.

Gati la kijijini kwetu, huku visiwani Lamu, lilitengenezwa nusu likaachwa. Maji yakikupwa, ngazi za chini zimetoa nondo nje na mwani juu yake unateleza kama sabuni. Mamangu ana miaka 73 na kliniki yake iko Amu, yaani mji wa Lamu. Kila akisafiri, vijana wawili humbeba kama mtoto kumtia mashuani, naye hujifunika uso kwa leso kwa haya. Basi nikataka kujua: kandarasi alipewa nani, kwa pesa ngapi, na kazi ilikuwa iishe lini?

Nikaandika barua, kwa Kiswahili. Karani akaisoma huku anakula visheti (doa la shira liko kwenye nakala yangu mpaka leo), akanirudishia. "Hii kaandike kwa Kiingereza, bwana." Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inasema ombi laweza kuandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili. Nikamwambia. Akabadili: "Na habari zenyewe wazitakia nini?" Hilo pia sheria imelimaliza: sababu yangu, iwe umbea iwe uchungu wa mama, haiwezi kuninyima haki yangu. Akaupiga muhuri utadhani anaua mende.

Sheria inawapa siku 21 wajibu. Leo ni siku ya 47. Nilipokwenda kuulizia, mkubwa wa ofisi akaniambia kwa upole kabisa, "Ndugu yangu, mambo ya Lamu ni mambo ya usalama."

Usalama gani, jamani? Mimi si mtoto. Nilikuwa hapa Juni 2014 Mpeketoni, mji wa huku kwetu Lamu bara, iliposhambuliwa, na amri ya kutotoka usiku tuliila sote, mvuvi hawezi kutega usiku. Sitaki redio itangaze askari wanapita njia gani msitu wa Boni. Sitaki maiti ya mtoto wa mtu irushwe mitandaoni kabla mamake hajaambiwa. Mipaka hiyo naikubali kwa moyo mmoja, na sheria yenyewe imeiweka. Lakini simiti? Al-Shabaab watafanya nini na bei ya mfuko wa simiti? Mkataba ukishatiwa saini, sheria inaitaka ofisi itangaze yenyewe kiasi cha pesa na jina la aliyepewa kazi, hata kabla sijaamka kuandika barua!

Kilichonichoma zaidi ni kijana mmoja wa redio aliyekuja kuzipiga picha hizo ngazi. Watu wawili wakamsimamia, wakamwambia afute, mbele yetu. Akafuta moja moja, kidole kinamtetemeka. Simlaumu, ana watoto. Katiba yetu kifungu cha 34 inalinda uhuru wa vyombo vya habari, ila siku ile kifungu hicho hakikuwepo gatini.

Na asije mtu hapa kuniambia kuuliza ni uchochezi. Wavuvi wetu waliuliza kuhusu bandari ya Lamu wakaitwa wapinga maendeleo. Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikasema serikali ilikuwa na wajibu wa kuwapa habari za mradi ule na haikuutimiza, ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 wafidiwe shilingi bilioni 1.76. Mradi mkubwa kama ule habari zake ni haki ya mvuvi, halafu ngazi tano za gati ziwe siri?

Sasa nataka kupeleka lalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, wale wa Ombudsman wanaopokea malalamiko ya wananchi dhidi ya ofisi za serikali. Kuna aliyewahi kwenda? Walichukua muda gani kujibu, na je, barua ya Kiswahili walipokea? Nijibuni upesi. Jumatano mama ana kliniki, na asubuhi hiyo maji yatakuwa yamekupwa.