Wakuu, nimeomba madaraja 7 kwenye histogramu, R (programu ya takwimu) inanipa 10

Habari wakuu. Nina umri wa wakulima wa mpunga 212 niliowajazia dodoso, mdogo ana miaka 18, mkubwa 64. Supervaiza anataka madaraja 7. Nimeandika:

hist(umri, breaks = 7)

Nimehesabu nguzo mara tatu, ni 10. Pia ina rangi ya kijivu mbaya. Nakosea wapi?

Kibanda_cha_R: Hukosei. Ukiipa breaks namba moja, R inaichukua kama pendekezo tu, kisha inatafuta mipaka ya namba nzuri. Hapo imekata kila miaka 5, kuanzia 15 hadi 65. Ukitaka ikutii, ipe mipaka yenyewe:

mipaka <- seq(18, 67, by = 7)
hist(umri, breaks = mipaka, right = FALSE, col = "steelblue", border = "white", las = 1, main = "", xlab = "Umri (miaka)", ylab = "Idadi ya wakulima", xaxt = "n")
axis(1, at = mipaka)

Usiache right = FALSE. Bila hiyo mwenye miaka 25 kamili anaingia daraja la 18 hadi 25, na jedwali lako halitalingana na picha. Kichwa nimekiacha wazi kwa sababu utakiandika kwenye Word.

mama_takwimu: Subiri kidogo mdogo wangu. Umri wa kuulizwa kijijini watu hukadiria: 30, 35, 40. Ukikata kwa 7, daraja la 39–45 linabeba 40 na 45, la 32–38 linabeba 35 peke yake. Utaona bonde, uanze kuandika kurasa mbili kwamba vijana wamekimbilia mjini! Kwanza endesha table(umri %% 10), ihesabu tarakimu ya mwisho ya kila umri, utuambie.

Muuliza uzi: Duh. Waliotaja umri unaoishia 0 au 5 ni karibu nusu. Na bonde la 32–38 lipo kweli, nilishaanza kulielezea.

mama_takwimu: Basi rudi kwenye 5: seq(15, 65, by = 5), right = FALSE. Kila daraja linapata namba moja ya kukadiria.

Kibanda_cha_R: Yaani mipaka ile ile ya zile 10 za mwanzo 😂 Nakubali, mama. Anayetumia ggplot2 (kifurushi cha R cha kuchora): geom_histogram(breaks = seq(15, 65, 5), closed = "left"), la sivyo inakupa nguzo 30.

Muuliza uzi: Nampelekea supervaiza hizo 10 pamoja na lile jedwali la tarakimu za mwisho. Akikomaa na 7 yake narudi hapa.