Pedeli bapa za kushukia milima: nailoni au alumini? Mguu unaruka kwenye mawe

Mshuka_Usambara:
Wakuu, naombeni ushauri. Baiskeli ni ya mtumba, ina shokapu ya mbele tu, krenki (mikono inayobeba pedeli) za mm 175. Njia za huku Lushoto ni udongo mwekundu, mizizi na mawe, mvua ikinyesha ni utelezi mtupu. Pedeli zilizopo ni za plastiki, na vimeno vyake ni vya plastiki hiyohiyo, vimeshalika. Gurudumu la nyuma likigonga jiwe, mguu unaruka. Viatu namba 44. Nichukue nailoni au alumini? Za kubana viatu sitaki.

Spana15:
Mkuu, hilo la nailoni na alumini liweke kando kwanza. Kinachoshika kiatu ni pini. Tafuta pini za chuma zinazofunguka, nane hadi kumi na mbili kila upande, zilizotokeza mm 4 au 5. Wingi usikudanganye: zikisongamana, uzito wako unagawanyika na hakuna inayozama kwenye soli. Chache ndefu zinashika kuliko msitu wa fupi.

Kisha geuza pedeli uone pini zinaingilia wapi. Kuna zinazofungwa kutoka juu, tundu la alenki (ufunguo wa pembe sita) likiwa kwenye ncha ileile inayogusa soli. Jiwe moja tu, tundu limefumba, na siku ya kubadilisha utaing'oa kwa plaizi. Kuna zinazoingilia upande wa pili na kutokezea juu. Hizi hata ncha ichubuke, tundu lake limejificha. Chukua hizo. Nyingi ni M4, yaani unene wa mm 4, kwa hiyo skrubu zisizo na kichwa za duka la nati zinaweza kukaa, ila pima kwanza, zipo na za M3.

Gololi_Kavu:
Nailoni. Sioni cha kubishania. Ikigusa jiwe inateleza na kupita, alumini inang'ang'ania. Na bei yake haiumizi. Kasoro ni mbili: mwili wake huwa mnene kidogo, na pini ikifungwa moja kwa moja kwenye plastiki bila nati, siku moja inang'oka na kipande. Hakikisha kuna nati au kikombe cha chuma kinachoishika. Race Face Chester ni mfano mzuri wa aina hii, mwili wa nailoni na ekseli (mhimili wa katikati) ya kromoli, aina ya chuma kigumu.

Ekseli_Nyembamba:
Cha kubishania kipo. Alumini inaweza kutengenezwa nyembamba, na kwa krenki za mm 175 anahitaji kila milimita ya nafasi chini. Pia nyingi zina mbonyeo: katikati pamezama kuliko ukingo wa mbele na wa nyuma, soli inakaa kama kwenye sahani. DMR Vault, kwa mfano, ina mm 105 kwa 105, na kwa kiatu namba 44 huo ndio ukubwa wa kuanzia. Ikizidi sana 110 utaanza kupiga mawe kwa pembe za pedeli kwenye kona.

Akichukua ya nailoni iliyo bapa kabisa, mbonyeo anaweza kuutengeneza: avue pini za katikati, aweke washa moja (kile kipete bapa cha chuma) chini ya kila moja ili zifupike, za mbele na nyuma aziache ndefu.

Bondeni_Taratibu:
Mnamuuzia pedeli, tatizo nusu liko kwenye kisigino. Gurudumu la nyuma likigonga jiwe, baiskeli inapungua mwendo ghafla na kurushwa juu, mwili unaendelea mbele. Kama vidole vinaelekea chini, soli inateleza kama mtu anayeshuka kwenye ubao. Teremsha visigino, na ule msukumo unaishia kwenye pedeli badala ya kuupita. Usikanyagie vidole pia: ekseli ikae nyuma kidogo ya shina la dole gumba, kuelekea katikati ya unyayo. Magoti yalegee.

Kiatu nacho. Buti lenye meno makubwa ni baya hapa, pini zinadumbukia kati ya meno na hazina cha kuuma. Unataka raba laini, michoro mifupi, soli isiyokunjika kirahisi. Fedha zikiwa za kitu kimoja tu, nunua kiatu kwanza.

Na wanaosema bila kubana viatu huendi popote: Sam Hill, yule Mwaustralia, alibeba Enduro World Series, mashindano ya dunia ya baiskeli za milimani, 2017, 2018 na 2019 akiwa kwenye pedeli bapa.

Mshuka_Usambara:
Asanteni sana. Swali jingine: pini za mm 5 si zitanichana miguu? Na fundi hapa kaning'ang'ania ya kushoto haifunguki, anataka kuipiga nyundo.

Spana15:
Mzuie huyo! Ya kushoto ina meno ya kinyume, inafunguliwa kwa kuzungusha kama unavyofunga nati ya kawaida. Imewekwa hivyo ili isijilegeze yenyewe ukikanyaga. Atie mafuta ya kupenya, asubiri, atumie spana ya 15 yenye mkono mrefu. Kama ekseli haina pa kushika spana, kuna tundu la alenki ya 6 au 8 kwa nyuma. Akiingilia huko mwelekeo unaonekana umegeuka, mafundi wengi huchanganyikiwa hapo.

Kufunga mpya: safisha meno ya krenki kwa kitambaa, paka grisi, anza kwa vidole. Izunguke raundi tatu au nne bila spana. Ikikaza mapema, toa uanze upya, kwa sababu ekseli ni chuma na krenki ni alumini, atakayeumia ni krenki. Mwisho kaza Nm (newton-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 35 hadi 40. Kwa spana ya sm 20, hiyo ya 35 ni kama kuning'iniza kilo 18 kwenye ncha ya mkono wake.

Gololi_Kavu:
Kuhusu miguu, vikinga ugoko vya mpira wa miguu vinatosha kwa mbele. Nyuma ya mguu huwa wazi, na hapo ndipo pedeli inapopiga ukiwa unasukuma baiskeli kupanda.

Dukani shika ekseli kwa mkono mmoja, tikisa mwili wa pedeli juu na chini. Ikicheza hata kidogo, bushi au beringi imechoka, iache. Isizunguke kama feni pia. Ukinzani kidogo ni wa raba za kuzuia vumbi.

Mshuka_Usambara:
Nimepima ekseli ya ile ya zamani kwenye meno, mm 14 na kitu.

Spana15:
Hiyo ni inchi 9/16, ndiyo ya kawaida. Ingekuwa mm 12.7 ungekuwa na krenki ya inchi 1/2, na hizi hazingeingia. Nunua, na ukishashuka mara ya kwanza rudia kukaza zote mbili.