Wajukuu wa Kibosho (kikundi cha familia)

Denis Denver: Shikamooni wote. Theluji imeanza huku, hiyo video ni ya Loveland Pass, njia ya mlimani hapa Colorado, jana asubuhi. Bamdogo, pale ni mita 3,655, karibu sawa na kambi ya Horombo kwenu Kilimanjaro, ila huku lami inafika mpk juu kabisa, unapaki gari unavaa skii zako

Shangazi Mage: Marahaba. Kumbe umeanza tena ile michezo yako. Mwaka jana si ulisema unaacha

Denis Denver: Nilisema napunguza shangazi 😅

Bamdogo Evarist: Lakini theluji yenyewe kiduchu, mbona naona majani yanachomoza. Mage usimtishe mtoto, poromoko linakuja theluji ikishajaa, hapo kuna nini cha kuporomoka

Denis Denver: Aah Bamdogo, hapo ndo wengi tunapokosea, hata mi mwaka wa kwanza nilijua hivyohivyo. Kiduchu ndo mbaya. Ngoja niandike kirefu niko kwenye treni

Denis Denver: Ile ya Oktoba inayeyuka karibu yote, inabaki kwenye miteremko inayotazama kaskazini ambako jua halifiki. Sasa ardhi chini bado ina joto lake, pale theluji inapogusa udongo ni kama nyuzi 0, na usiku hewa ya juu inashuka mpk 15 chini ya sifuri. Theluji ikiwa nene hiyo tofauti inajigawa taratibu haina neno, lakini ikiwa sentimita 30 tu basi mvuke unatoka chini unapanda juu kwa kasi, na punje zinabadilika umbo, zinakuwa kubwa zina kona kona na hazishikani tena. Watu huku wanaiita sukari na kweli ni sukari, ukiichota kwenye glavu inachuruzika kama ile ya TPC mfuko ukitoboka

Neema: Kwa hiyo hiyo sukari ndo inaporomoka?

Denis Denver: Ikiwa peke yake wala, unazama mpk magotini unatukana unarudi nyumbani. Shida ni dhoruba za Novemba. Upepo unabeba theluji upande mmoja wa mlima unaimwaga upande wa pili, inashindiliwa inakuwa bamba moja gumu, unaweza kusimama juu yake ukajiona uko salama kabisa. Kumbe chini ni sukari

Shangazi Mage: Yaani kama kumwaga sukari kwenye sinia unalaza chapati juu halafu unainamisha

Denis Denver: Shangazi mi nililipia kozi siku tatu nzima kuambiwa hicho kitu 😂😂

Bamdogo Evarist: Sasa nani anainamisha hilo sinia

Denis Denver: Sinia limeinama zamani, nyuzi 30 mpk 45 ndo penyewe, na bahati mbaya ndo hapohapo panapoteleza vizuri. Kinachokosekana ni mtu wa kugusa. Kwenye ajali za watu karibu 9 kati ya 10 poromoko limeamshwa na aliyefunikwa mwenyewe au mwenzake aliyekuwa naye. Halianguki lenyewe tu kukufuata

Neema: Waambie ile ya Sheep Creek

Denis Denver: Ni hapahapa karibu na Loveland Pass, tarehe 20 Aprili 2013. Watu 6, walikuwa wanatembea tu hawajaanza hata kushuka, likawachukua wote, 5 wakafa. Na kilichokatika kilikuwa kule chini kabisa karibu na udongo, sukari ya mwanzo wa msimu. Aprili jamani! Imelala miezi yote ile imefunikwa inangoja

Shangazi Mage: Yesu wangu

Bamdogo Evarist: Si kuna vile vidude mnavaa vinapiga mlio. Na helikopta

Neema: Bamdogo mtu akiwa chini ya theluji anavuta pumzi yake mwenyewe, dakika 10 au 15 za kwanza ndo za matumaini, ikifika nusu saa wengi wameshaondoka. Helikopta itatoka wapi dakika 10

Denis Denver: Ndo hivyo. Bikoni (ndo hicho kidude cha mlio), chepe na ile fimbo ndefu ya kudunga kwenye theluji kumtafuta mtu, kila mtu lazima awe navyo, maana wa kukufukua ni hao hao ulioenda nao. Na kama limekubamiza kwenye miti au mawe bikoni itasaidia nini

Bamdogo Evarist: Sasa we ulijuaje kama hapo kwenye video ni pazuri

Denis Denver: Sikujua, ndo maana tulichimba. Tukakata nguzo ya theluji upana wa chepe, unalaza chepe juu unagonga kwa kiganja, mara 10 kwa kifundo cha mkono, 10 kwa kiwiko, 10 kwa bega. Ya kiwiko ya nne tu ikakatika chwaa! ikateleza yote ikanijia mapajani, chini imebaki sukari tupu. Wakati wa kurudi pia tulisikia theluji inashuka chini ya miguu, wuumf, kama mtu kaangusha godoro chumba cha pili. Ukisikia ile sauti hakuna tena cha kujadili

Neema: Na utabiri wao wa maporomoko unasemaje

Denis Denver: Kipimo chao cha hatari kinaenda 1 mpk 5, leo ni 3 juu ya mstari wa miti, yaani kule juu miti inakokoma. Wageni wanaona 3 wanasema aa ya katikati, kumbe ukiwa kwenye 3 mtu kuliamsha ni rahisi tu

Shangazi Mage: Kwa hiyo Jumamosi huendi.

Denis Denver: Naenda shangazi ila kwenye mteremko usiofika nyuzi 30, na juu yake hakuna mlima mkali maana linaweza kuamshwa hata ukiwa chini. Pale hata sukari ikikatika haina pa kwenda

Bamdogo Evarist: Nilipanda Kibo miaka 19 nikibeba mizigo ya wazungu, hakuna aliyewahi kuniambia theluji ina sukari

Shangazi Mage: We ulikuwa unaangalia bahasha ya tipu

Neema: 😂😂😂

Shangazi Mage: Denis, ukishuka hiyo saa nane mchana yenu huku ni saa sita usiku. Andika hapa hata neno moja, sitalala. Na nimemwaga sukari kweli kwenye sinia kumwonyesha Junior, sasa sisimizi wamejaa meza nzima